Kipoyi ya Magurudumu Mbili

Lundi, 1 Machi 1954

Mvua tena. Pancha tatu za baiskeli asubui, cheni moya. Kisha nimerudia kipoyi yangu ya kubebea bagonjwa. Magurudumu mbili za kinga, ile baiskeli, kitanda ya turubai, muntu mumoya anasukuma mugonjwa peke yake. Serikali inatafuta bipoyi kumi na mbili bya dispanseri. Nikipata ile komande, ile oda, nafungua atelye, karakana yangu, hapa Katuba. Nikiikosa, narudi kwa muzungu wa garaji kupanguza magari. Nimemuambia Zaina, bibi yangu. Ameendelea kufua. Namujua, ile haiko kukubali.

Mercredi, 3 Machi

Biro ya manunuzi. Karani iko Placide, jirani wetu wa avenue ya nyuma, soksi mpaka magoti. Amenisomea karatasi: kipoyi sherti ikuwe na mikono ine, ibebwe na bantu bane. Nikamuambia yangu inasukumwa na mumoya, bale batatu baende kazini. Akaangalia kipoyi. Akaangalia karatasi. "Fundi, hapa bameandika mikono ine." Njo akahesabu ya yangu: mbili.

Nimeudhika. Serikali inajua inataka mikono. Kama mugonjwa anafika ao hafike, hakuna mustari wake pale.

Jeudi, 11 Machi

Nimechomelea mikono mbili mbele. Za bure kabisa. Placide amehesabu, amefurahi. Akafunga kipoyi na kamba kwenye dirisha ya magazini, stoo ya biro, akatia nta nyekundu juu ya fundo, akapiga muhuri. Njo sheria: kintu ya mufano ikiguswa kabla ya siku ya kuchagua, fundi anatolewa. Siku ya kuchagua, tarehe 25. Niko na kipoyi moya tu, na imefungwa kwa Serikali.

Mardi, 16 Machi

Muchana, saa ya chakula, Placide amekuja mbio bila kofia, soksi moya imeshuka. Bibi yake, Mama Lucie, iko na uchungu tangu alfajiri, mutoto anatanguliza miguu. Ambulansi imekwama kwenye matope. Bantu bane ba kubeba hakuna, banaume bote bako kazini.

"Fundi, kipoyi yako."

Nikamuambia iko kwako, chini ya nta yako. Nilifurahi. Naandika kweli, nilifurahi kidogo, kisha haya ikanishika. Nikasema: twende ufungue, Karani. Babili tulijua napoteza nini.

Biro ilikuwa imefungwa, lakini ufunguo yeye anao. Alikata kamba na meno. Tukakimbia na kipoyi tupu mpaka kwake, tukamulalisha mama, nikasukuma mpaka materniti. Placide alikimbia kando, ile mikono ya mbele ilimupiga kwenye mbavu njia yote.

Mercredi, 17 Machi

Mutoto mwanamuke. Mama muzima, amechoka. Bamasista bamezunguka kipoyi, bameuliza nani alitengeneza. Daktari pia.

Vendredi, 26 Machi

Barua. Nimetolewa, sababu mufano iliguswa. Mwandiko ni wa Placide mwenyewe, ule muzuri wa misheni. Nimeenda kumutukana.

Akanionyesha karatasi ingine. Kwa shefu wake ameandika ni yeye alikata kamba, na kwa nini, hata jina ya bibi yake ameliweka. Shefu amemukemea mbele ya bote, amemushusha, sasa anabandika tembre, stempu, kwenye barua. Nimerudi nyumbani na matusi yangu yote mudomoni. Muntu anakuharibia kazi, na hata kumukasirikia vizuri hauwezi.

Zaina ameuliza naenda garaji siku gani. Nimeshika pancha ingine.

Dimanche, 4 Aprili

Avenue kimya, bantu bako kwa misa. Mvua imepungua.

Jana Placide alileta tangazo mupya. Daktari amekataa bipoyi byote bya mikono ine, biro imelazimika kuandika upya. Mikono haimo tena. Bameandika tu: muntu mumoya afikishe mugonjwa kutoka Katuba mpaka materniti, hata kwenye matope, bila kumuumiza. Kila fundi alete yake, bitajaribiwa siku moya. Kila fundi. Mimi njo nilipoteza, na mulango bamefungulia bote. Nimekasirika siku nzima.

Leo nimepita kwa Ilunga, seremala wa avenue ya tatu, kama muntu anatafuta misumari. Naye iko anatengeneza yake. Chini ya kitanda ameweka risoti, zile springi za kiti ya motokari. Hakuficha hata kidogo. Amenilalisha juu, akanisukuma kwenye mawe ya lupango, kiwanja ya nyumba yake. Sikusikia jiwe hata moya. Yangu inatikisa muntu mpaka meno. Mama Lucie hakuniambia, kwa heshima tu.

Nimerudi. Chakula kimenishinda. Nimegeuza kitanda yetu ya chuma, nimechukua koleo. Zaina ameingia, ameuliza natafuta nini pale chini. Risoti, nimemuambia. Ameangalia kitanda, ameniangalia. Kisha amepiga magoti, ameshika upande ingine.