Siku Ziwa Lilipobaki Mahali Pake

Likasi, Jumatatu

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo mwingi. Goti linaendeleaje? Bado unashuka sokoni Kalemie peke yako, au umekubali mdogo wangu Patrice akusindikize? Mimi ni mzima. Nafundisha fizikia kama kawaida, ingawa ubao wa darasa umepasuka katikati.

Ila wiki iliyopita sikuwa na utulivu, acha nikusimulie.

Mama Solange, mjane niliyepanga kwake, alipata ujumbe wa sauti kwenye simu. Mtu asiyejitaja alisema kwamba Jumamosi sayari zitajipanga mstari mmoja na kuivuta dunia, maji ya ziwa Tshangalele yatainuka, bwawa la Mwadingusha litavunjika. Binti yake, Solange, ameolewa na mvuvi kule ziwani, na mimba yake ilikuwa imetimia. Mama akataka apande pikipiki aje mjini upesi.

"Mama, barabara ile ni mashimo matupu," nikamwambia. "Atajifungulia njiani."

"Miye sitaki mutoto wangu akufe mu maji, Mwalimu!"

Nikamwomba asogeze mkono kwenye mbabula, jiko lake la makaa. Akauondoa haraka. Nikamwomba asimame langoni.

"Moto unakufikia hapo?"

"Hapana."

Ndipo nikamweleza. Sayari zinatuvuta kweli, maana kila kitu kinavuta kingine, lakini nguvu hiyo hupungua upesi sana vitu vinapokuwa mbali, kama joto la jiko lile. Jupita ni kubwa kuliko dunia yetu, ila iko mbali kupita kiasi. Mwezi ni mdogo, lakini kwa kuwa uko karibu, unayavuta maji kuliko sayari zote zikiungana. Na hata mwezi haujawahi kulihamisha ziwa.

Akaniuliza, "Weye unaweza kukaa kule Jumamosi?"

Baba, hesabu naijua vizuri, lakini swali lile lilinichoma. Kwangu ilikuwa rahisi kusema, maana aliyekuwa ziwani hakuwa mtoto wangu.

"Twende wote," nikasema.

Akampigia Solange asitoke. Tulifika Ijumaa mchana, tukakuta majirani kadhaa wamefunga mizigo. Jumamosi tangu asubuhi Mama alikaa ukingoni, rozari mkononi, macho kwenye maji, huku Solange akiwa ndani na mkunga wa kijiji, uchungu umeanza. Nilikaa naye, na nakiri kwamba kila kiwimbi kilinishtua.

Kabla ya saa sita mchana mkunga akatuita. Solange alikuwa amejifungua msichana, lakini damu ilitoka nyingi, na mkunga alihangaika mpaka ikakoma. "Kama angekuwa njiani," akatuambia, "tungewazika wote wawili."

Mama Solange alimpokea mjukuu wake, akalia bila kujificha. Jua lilipozama, ziwa likiwa bado mahali pake na mtoto amelala kifuani pa bibi yake, akaniuliza polepole, "Ile Jupita inatuvuta kidogo tu?"

"Kidogo sana, Mama."

"Na siye tunaivuta?"

"Ndiyo, kwa nguvu ileile."

"Hata haka katoto?"

"Hata haka."

Akacheka, mara ya kwanza wiki nzima.

Nisalimie Shangazi Verone, dada yako, anayekupikia kila Jumapili, na umwambie Patrice nataka kusikia habari za cherehani yake mpya. Umbusu mtoto wake kwa niaba yangu.

Niombee, Baba. Pale ukingoni nilikuwa naonekana jasiri, lakini nilitamani sana uwe umekaa kando yangu.

Binti yako akupendaye,
Odette