Kimya cha Nyanya Ruth

Jumanne, 4 Machi 2008

Nimefika kazini Shaw asubuhi, Nyanya Ruth, mzee Myahudi ninayemtunza, tayari kitini. Shuka lake jeupe la maombi kichwani, macho amefumba. Nimempikia uji wa oti. Umepoa. Tena. Wayahudi wana jina la Mungu ambalo hawalitamki. Yeye analipumua tu, herufi moja akivuta pumzi, nyingine akitoa. Kanisani kwetu Temple Hills jina la Bwana tunalipaza hadi majirani wagonge ukuta. Sielewi.

Nikikaa kumsubiri, nikajikuta napumua naye. Moyo ukatulia kama mtoto aliyeshiba. Nikaogopa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Sista Damaris baada ya ibada. Nilidhani atafurahi.

"Mama Neema, umerogwa ama? Ukinyamaza hivyo unajiacha wazi. Vitu vinaingia!"

Nikasema Nyanya ni Myahudi, watu wa Biblia.

"Hata Mfalme Sauli alikuwa wa Biblia, na si alienda kwa mganga?"

Wamama wote wakacheka. Akanipa kachupa ka mafuta ya upako, niweke kwa mkoba.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu.

Mwanangu Neema ana mafua, anayemlea mchana alimkataa, nikaenda naye kazini. Leo ndiyo siku kundi la Nyanya huja. Wamama wanne na rabi wao, mwanamke pia. Wakakaa sebuleni kimya. Nikitoka jikoni, namwona Neema katikati yao. Macho amefumba. Hatikisiki. Neema wangu, asiyetulia hata akila!

Nikatoa mafuta. Nikampaka mtoto, nikampaka Nyanya, nikampaka rabi. Nikakemea. "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" Kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kikamba nilipoishiwa.

Neema akalia. Rabi, mafuta yakimtiririka puani, akaniuliza kwa upole, "Nani atoke? Sisi?"

Nyanya akajifuta mafuta kwa ncha ya shuka lake. Hilo ndilo limeniuma. Nikabeba mtoto nikakimbia.

Ijumaa, 7 Machi

Sijaenda. Ofisi iliyoniajiri haijapiga simu. Baba Neema amesema nilifanya vizuri, halafu akauliza kama kazi bado iko.

Sijui. Nataka Nyanya anirudishe. Si kwa mshahara tu. Nani anamvalisha soksi leo? Yule mguu wa kushoto ukivutwa unamuuma.

Nimeomba kwa sauti. Hakuna kitu. Bwana, kama ile amani ilikuwa yako, mbona nimeifukuza? Kama haikuwa yako, mbona naililia?

Jumatatu, 10 Machi

Nimeenda bila kuitwa. Nyanya amefungua mlango mwenyewe, ameshika fimbo, soksi hana.

"Umechelewa." Kisha, "Uliogopa nini?"

Nikasema niliogopa kuibiwa mtoto. Nikalia.

Akaniambia kijana wake alienda kwa Wabudha zamani, akanyoa kichwa, akawa anakaa kimya siku nzima. Nyanya naye alipiga kelele kama mimi. Ndipo akasikia kwamba hata Wayahudi wana kimya chao, cha tangu zamani, ila hakuna aliyemfundisha. Akajifunza ili mtoto akirudi akikute nyumbani.

"Akarudi?"

"Hapana. Lakini mimi nilishazoea."

Ofisini Nyanya hakuwaambia lolote. Rabi hana kinyongo, anasema nywele zake hazijawahi kung'aa hivyo. Nyanya alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza.

Alhamisi, 13 Machi

Kundi limekuja. Nyanya aliniambia nafasi iko. Sikuingia. Nimekaa jikoni na Neema, bado anakohoa. Nikamenya viazi.

Sista Damaris sijamwambia kwamba nimerudi. Sijui nitamwambia nini.

Walipoanza, nikaacha kisu. Nikasema "Bwana" polepole, mara moja, nisiongeze neno. Hakuna kilichoingia. Hakuna kilichotoka. Neema akaniegemea, akalala. Sijui kama hayo ni maombi. Nimebaki hapo hivyohivyo mpaka nikasikia wanavaa makoti.