Kaa wa Mjukuu na Chumvi Yangu

Jumamosi, 2 Mei

Leo nimemvunja Upande gando. Jiwe la kusugulia liliniponyoka nikisafisha kioo cha tangi. Mkono haukutetemeka — jiwe lina utelezi.

Upande ni kaa wa mjukuu wangu. Jina kampa kwa mwendo wake. Mwenyewe yuko bwenini, anarudi Jumapili ya wiki ijayo. Kaa kaniachia mimi, si baba yake. Anajua nani mtu humu ndani.

Gando linaning'inia kama bawaba mbovu. Naandika nisije nikachanganya siku. Kalamu nzito kuliko mwiko, na mwiko nimeushika miaka thelathini na moja, nikilisha wanafunzi mia nne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba chumvi.

Jumapili, 3 Mei

Nimepika, kama kila Jumapili. Majagi mawili ya maji yamekwisha mezani. Chakula kitamu huleta kiu.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kauliza kaa ana nini. Nikasema kang'atwa na samaki. Akawatazama wale samaki wawili, kila mmoja kama kidole. Huyu akinyamaza, ujue kasema.

Jumanne, 5 Mei

Gando limedondoka lenyewe. Upande hali. Nimemshikia kipande cha samaki kwa koleo mpaka mdomoni — kageuka.

Maji yamepungua tena. Nimeongeza, na chumvi yake, kama nilivyofanya mwezi mzima sasa. Mjukuu aliacha karatasi ya maelezo, lakini herufi zake kama sisimizi. Na mimi chumvi sisomi, naonja. Nimeonja kiganjani. Bado kidogo. Nikatia konzi nyingine.

Alhamisi, 7 Mei

Nimempelekea fundi wa matangi ya samaki maji ya Upande kwenye chupa. Akazamisha kipimo cha chumvi. Akakitoa, akakifuta, akazamisha tena.

"Mzee, unafuga kaa au unakausha samaki?"

Anasema maji hukauka, chumvi haiendi popote. Yakipungua, unaongeza maji matupu. Aibu gani hii! Mchuzi ukikauka chumvi inazidi — hilo nimewafundisha wapishi kumi na wawili kwa mdomo wangu huu.

Nikamwambia nilikuwa naonja kila siku. Akamimina vikombe viwili, maji yangu na maji yake yaliyo sawa. Nionje, niseme yapi yangu.

Nikaonja. Nikaonja tena. Nikaonyesha cha kushoto, kwa sauti ya mpishi mkuu.

Changu kilikuwa cha kulia. Fundi hakucheka. Bora angecheka.

Gando litaota, anasema, siku kaa atakapojivua gamba. Ila awe hai. Na maji yarudi taratibu, yakibadilika ghafla atakufa. Kila siku toa jagi moja, tia jagi moja la maji matupu.

Ijumaa, 8 Mei

Jagi moja. Nimemwomba mkwe anisomee karatasi. Mstari wa kwanza kabisa: Babu, usiongeze chumvi.

Jumamosi, 9 Mei

Jagi moja. Upande bado hali.

Jumapili, 10 Mei

Mjukuu kafika asubuhi. Nimemwambia kabla hajavua viatu: ni mimi na jiwe, si samaki. Na chumvi ni mimi. Katokwa na machozi kidogo, kisha kapiga magoti mbele ya tangi. Upande yuko palepale pembeni. Mguu mmoja wa nyuma unakwenda, unasimama.

"Babu, atapona?"

Nikasema atapona. Sijui.

Sasa niko jikoni, daftari kwenye paja. Mchuzi unatokota. Chumvi nimeitia mara moja, ya pili imebaki mkononi. Mkwe kaingia kuchukua yale majagi mawili akayajaze maji, kama kila Jumapili. Nikayatazama majagi. Miezi mingapi wanayamaliza hivi?

"Mama," nimemwambia, "njoo uonje. Useme kweli."

"Baba, chumvi unaijua wewe."

"Onja."

Kaweka majagi chini. Kadondosha tone kiganjani, kama nilivyomfundisha mwenyewe alipoolewa hapa. Analipuliza. Mimi naandika, nisimtazame usoni. Kiganja kinapanda —