Siku Dada Alipowaonjesha Watu

Nyumbani,
Chumba cha uani, nyuma ya duka la vipuri.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lolote. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ingawa uzima wa safari hii una bendeji. Ukiona mwandiko umepinda, usidhani nimesahau shule. Vidole vyangu viwili vimefungwa pamoja.

Najua mume wa Dada ameshakupigia simu. Najua pia ulimi wake ulivyo na asali. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujampa jibu.

Dada alirudi kwetu jicho limevimba hadi limefumba. Akasema ameteleza bafuni, nasi tukanyamaza, maana bafu lile limemtelezesha mara nyingi mno. Baada ya siku kadhaa akaingia jikoni, akawa anapika kama mtu anayegombana na sufuria. Mimi nikapata wazo. Mama mwenye karakana ya kushona, bosi wangu, alikuwa anatafuta mtu wa kuwapikia mafundi chakula cha mchana. Nikamtajia habari za Dada. Akasema hanunui mbuzi aliye ndani ya gunia, kwanza aonje.

Basi tukapanga karamu ndogo ya kuonja, hapahapa sebuleni. Dada ndiye aliyeiongoza. Alitaka vyakula vitatu tu: supu ya kuku, mchuzi wa samaki na dengu zilizokolea tangawizi. Akakataa sahani kubwa. Alisema mtu akishiba haonji tena, anakula tu. Tukaazima vibakuli vya chai, tukakata mkate vipande vidogo, tukaweka maji ya kusukutua kinywa kati ya chakula na chakula. Wageni walikuwa bosi, jirani yetu mchomelea vyuma, na Shangazi, ambaye alisema atakuja na ulimi peke yake kwa kuwa meno aliyaacha ujanani. Kaka, siku hiyo nilimsikia Dada akicheka. Nilikuwa nimeusahau mcheko wake.

Bosi alikuwa ameanzia kwenye dengu, amefumba macho, mlango uliposukumwa. Mume wa Dada aliingia bila hodi. Alikuwa amenyoa vizuri na shati limepigwa pasi. Dada akamwekea kibakuli, akamwambia, "Kaa uonje."

Akakaa. Akaonja vyote vitatu taratibu, akafuta midomo. Nikaanza kupumua. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Tamu. Mke wangu anawapikia watu tamu hivi, na mimi nakula kwa mama ntilie."

Akaipindua meza. Samaki, vibakuli, mkate, vyote vikaruka. Kabla hatujasimama alikuwa ameshika mchi wa kinu uliokuwa umeegemea ukuta wa jikoni, akampiga nao Dada usoni. Nilisikia taya likivunjika kama kuni kavu. Dada alianguka bila kulia. Mumewe akauinua tena mchi, nikaweka mkono. Vidole vyangu ndivyo vilivyolipia pigo lile.

Mchomelea vyuma, unamjua alivyo mpole, alimkamata shingo kwa nyuma. Wakagaragara juu ya vigae. Mume wa Dada alimng'ata sikio, akatema kipande. Bosi akampiga kwa kigoda mpaka mguu wa kigoda ukakatika. Hakuuachia mchi. Shangazi ndiye aliyemaliza: alitoka jikoni na sufuria ya supu, ingali inachemka, akammwagia mgongoni. Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Mchi ulimponyoka, nami nikauokota kwa mkono mzima.

Kaka, sitakuficha. Nilimpiga alipokuwa amelala chini hana nguvu. Nilimpiga tena. Nilisikia raha, na raha ile ndiyo inayoniogopesha nikilala. Bosi aliniondoa kwa kunikumbatia.

Sasa Dada yuko hospitali, taya limefungwa kwa waya, anakunywa kwa mrija. Mchomelea ameshonwa sikio, kile kipande kilichobaki. Mume wa Dada naye yuko wodi ya wanaume na askari mlangoni. Ndugu zake wamekuja kutuambia mambo ya ndoa huishia ndani. Wanasema wewe ndiye uliyewakutanisha, wewe ndiye utakayewapatanisha, na ukimwambia Dada afute kesi atakusikia.

Jana bosi alikwenda kumwona Dada. Hakumpa pole. Alisema dengu zilihitaji muda kidogo zaidi jikoni, supu hakuwahi kuionja maana ilikwisha mgongoni mwa mtu, na kazi itamsubiri hadi waya utolewe. Dada alicheka kwa pua, machozi yakamtoka kwa maumivu.

Nilipomwambia nakuandikia, alinivuta karibu. Maneno yalitoka kwa shida kati ya meno yaliyofungwa, ikabidi ayarudie.

"Mwambie Kaka nampenda," alisema. "Na akiniomba nirudi, nitamzika akiwa hai."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Jibu la simu ile liko kwako.

Msalimie sana Wifi, na kitindamimba wenu umbusu kwa niaba yangu. Shangazi anakusalimu, anasema sufuria imepona. Mungu akulinde huko uliko, naye azilinde nyumba zetu na milango yake.

Ni mimi nikupendaye, hata ukinikasirikia,
Mdogo wako wa mwisho.