Beseni la Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Aprili

Nimechemsha maji tena. Sufuria mbili, kuni mbichi, macho mekundu. Mume wangu, Baba Awino, anasema chai yetu siku hizi ina ladha ya moshi. Nimemwambia anywe tu, moshi hauharishi.

Pampu ya kijiji bado imekufa. Mvua imeanza, vyoo vya soko la chini vimefurika, maji yote yameteremkia mtoni. Huko chini wameanza kuugua. Kipindupindu. Watu wanakitaja kwa sauti ya chini, kama jina la jambazi anayeweza kusikia.

Mama mkwe yuko mochari. Tunazika Ijumaa, tena kabla jua halijatua, kwa sababu alikuwa Msabato kamili na hatakubali kuchelewa Sabato hata akiwa ndani ya jeneza. Mimi ni Mkatoliki wa Mfangano. Miaka yote hiyo aliniombea niache kula samaki wa mumi, maana hana magamba. Sikuacha. Nilikuwa nikimla kwa jirani.

Ninamkumbuka. Basi.

Jumanne, 8 Aprili

Nimechaguliwa mkuu wa jiko la matanga. Sijui nani alipendekeza. Nilikuwa nimepiga miayo, nafikiri wakadhani nimefungua mdomo kukubali.

Ukweli usemwe. Ugali wangu huliwa kwa heshima tu. Chapati zangu Baba Awino alishawahi kusema zinaweza kuzibia paa. Ninachosifiwa ni kachumbari. Kwa kachumbari nimeitwa hadi Kisegi.

Kwa hiyo nikamtuma Pamela nyanya. Pamela ni nyieka wangu, mke wa shemeji Owuor, kaka mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyemwogesha mama mkwe na kumlisha mpaka mwisho. Alienda soko la chini kwa miguu, akarudi na kreti kichwani, jua lote likiwa limemwishia mgongoni. Alisema angezimia njiani kama si kikombe cha uji baridi alichonunua pale sokoni.

Nyanya nzuri. Ngumu, nyekundu. Nimezifurahia kama mtoto.

Jumatano, 9 Aprili

Chifu amekuja na afisa wa afya. Mercy anaitwa. Msichana mdogo, gambuti kubwa. Nilitaka kumwuliza kama mama yake anajua yuko wapi. Baada ya dakika chache sikutaka tena.

Aliuliza wazee kipindupindu kinatoka wapi. Mmoja akasema upepo. Mwingine, matope. Mercy akasema, "Wazee wangu, kinatoka chooni kwa mtu, kinaingia mdomoni kwa mwingine. Njiani kinapanda maji, mikono, nzi na chakula. Ukiugua, ujue umekula choo cha mtu."

Mzee mmoja akaweka chini kikombe chake cha chai.

Angependa tusipike kabisa. Shemeji Owuor akasimama. Akasema mama yake hatazikwa kwa soda na mkate kama mtu asiye na watoto. Wakavutana. Mwisho chifu akawapatanisha. Tutapika, lakini kwa masharti. Maji yachemshwe au yatiwe dawa. Chakula kitoke motoni moja kwa moja hadi kwenye sahani. Mtu anayeharisha asikaribie jiko. Hakuna kitu kibichi.

Hakuna kachumbari. Niliuliza mara mbili.

Halafu Mercy akaona beseni. Lile jeupe la mama mkwe, lenye ukingo wa buluu, ambalo limezungushwa kwa wageni katika kila matanga ya kijiji hiki. Wazee hunawa kwanza, wote wanafuata kwenye maji yaleyale. Akasema, "Huyu wa mwisho hanawi. Anachovya mikono kwenye supu ya wenzake." Owuor akasema mama aliliacha ili litumike siku yake. Mercy akasema hapana. Owuor akaondoka bila kuaga.

Anayebeba lawama ni nani? Mkuu wa jiko. Wageni watatoka Migori, Kisegi, na ndugu zangu watavuka ziwa kutoka Mfangano. Tukiwapa ugonjwa hapa, wataubeba mpaka kisiwani kwetu, ambako watu wengi bado wanachota ziwani na kunywa hapohapo. Nimeogopa. Nimekula nyanya nne peke yangu, nimeziosha vizuri, ili zisiende bure.

Alhamisi, 10 Aprili

Mwili umefika. Pamela alilia mpaka sauti ikakatika.

Suala la beseni nimelimaliza. Nimelijaza maua, nikaliweka juu ya stuli miguuni pa jeneza. Owuor alikuja akalitazama muda mrefu. Akaligusa ukingo. Akaenda zake. Nani atanyanyua maua ya mama yake ili wageni wanawe?

Badala yake tumefunga mitungi yenye bomba kwenye miti, na vipande vya sabuni ndani ya soksi, vinaning'inia. Baba Awino amegundua moja ni soksi yake ya kanisani. Ameitazama kwa uchungu.

Binti yangu Awino amefika kutoka Migori. Amenikumbatia, halafu akaninusa, akasema ninanuka klorini kama swimming pool. Hiyo ndiyo salamu ya mtoto niliyemzaa.

Jioni Pamela ameenda chooni mara nyingi. Nikamtania kwamba anaikimbia kazi ya kupanga kuni. Akacheka kidogo tu.

Ijumaa, 11 Aprili

Ninaandika nikiwa nimechoka.

Asubuhi niligawa kazi. Pamela akachukua unga wa chapati. Mke wa mwana mkubwa ndiye anayepakua sahani ya kwanza kwenye matanga ya mama mkwe; asipopakua, itasemwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo sikushangaa kumwona ameamka kabla ya wote. Nilipokuja kumwangalia hakuwepo. Unga ulikuwa umekandwa nusu.

Nilimkuta nyuma ya jiko, mgongo ukutani. Macho yameingia ndani. Ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Leso imelowa. Nikaelewa.

"Nyieka, tangu lini?"

"Tangu jana. Nyamaza. Nikishapakua sahani ya kwanza nitaenda."

"Utapakua ukiwa maiti?"

"Nisipopakua watasema nilimchukia."

Alikuwa anasema kweli. Wangesema.

Nikamuuliza amegusa nini. Unga tu. Nikamwapisha kwa jina la mama mkwe. Unga tu. Ndipo nikakumbuka uji baridi wa sokoni. Watu huupoza kwa maji yoyote yaliyo karibu. Na aliyemtuma sokoni ni mimi, kwa ajili ya nyanya ambazo hata hazikuruhusiwa.

Nilimpa maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, pakiti tulizoachiwa na Mercy. Kidogo kidogo. Anatapika, tunaanza tena. Nikampigia Mercy simu. Akasema nisingoje gari, mtu akikauka hivyo ni suala la saa chache. Aletwe hospitali kwa chochote chenye magurudumu, na njiani aendelee kunywa.

Nikamwendea Owuor. Alikuwa amesimama kando ya jeneza na suti yake nyeusi, mwana mkubwa, wageni wakimpa mkono. Mwana mkubwa haachi jeneza la mama yake. Kila mtu anajua. Nilimnong'oneza nikingoja anikaripie.

Akaniangalia. Akaliangalia jeneza, na beseni la maua.

"Mama alizika mtoto kwa kuhara," akasema. "Ndugu yangu aliyenifuata. Hakuna aliyejua la kufanya. Angekuwa hai sasa hivi angenifukuza hapa kwa fimbo."

Akavua koti. Wakaondoka kwa bodaboda, mshikaki, dereva mbele, Pamela katikati, Owuor nyuma amemshika kwa mkono mmoja na chupa ya ORS kwa mwingine. Wazee walisimama wote kuangalia.

Mimi nikarudi jikoni. Nikauzika unga wote shimoni, mbele ya watu. Unga mzima, siku ya matanga. Shangazi mmoja akaniuliza kwa nini. Nikasema nimezidisha chumvi. Kwa sifa zangu, hakuna aliyeshangaa. Wanawake wote tukanawa upya mpaka viwikoni. Tukamwaga klorini chooni alikopita Pamela na pale nyuma ya jiko.

Ugali ulitoka ukifuka moshi. Nyanya zote ziliingia kwenye mchuzi wa nyama, zikachemka mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kuwa nyanya. Nikasimama kwenye mitungi na mwiko mkononi. Hapiti mtu bila sabuni. Mzee mmoja akalalamika kwamba sabuni inaharibu utamu wa ugali. Nikamwambia, kwa mkono wangu, Jaduong', hakuna utamu wa kuharibika. Akacheka. Akanawa.

Sahani ya kwanza nilipakua mimi. Sikutumia mwiko wa Pamela. Niliuweka juu ya rafu.

Mchungaji alikuwa anaangalia jua, mimi naangalia barabara. Waliposhusha jeneza nikasikia bodaboda. Owuor alishuka na shati limelowa, akapita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kaburini, akatupa udongo. Aliponipita alisema tu, "Wamemtundikia dripu. Ameniuliza nani alipakua."

Jumamosi, 12 Aprili

Sabato. Wenzangu wako kanisani. Mimi nimelala.

Hakuna simu kutoka hospitali. Watu wa afya wamepulizia dawa nyumba ya Pamela. Owuor na watoto wamepewa vidonge. Wote wazima.

Ninaogopa.

Jumapili, 13 Aprili

Mercy amesema ugonjwa unaweza kujificha mpaka siku tano. Kwa hiyo nimeanza kupigia wageni simu. Mjomba wa Kisegi, shangazi wa Migori, ndugu zangu Mfangano. Salamu, habari ya watoto, habari ya choo. Mjomba akasema, "Nyar Mfangano, binti wa kisiwani, umenipigia kwa sababu hiyo?" Nikasema ndiyo. Akasema choo kiko sawa, asante kwa kukiulizia.

Sikujua nitafika umri huu ili nijue vyoo vya ukoo mzima.

Niliota karai la unga, niko ndani yake nazama.

Jumatatu, 14 Aprili

Shangazi wa Migori tumbo linamkata. Nimekaa chini pale pale nilipokuwa, kwenye matope. Nikamwambia Awino, aliyerudi naye Migori, ampeleke kituo cha afya mara moja.

Jioni wamesema si kipindupindu. Shangazi alibeba nyama ya matanga kwenye pochi, akaila siku ya tatu. Nimemkaripia shangazi wa mume wangu kwa simu, mimi! Akaniambia aliyempakulia kipande kikubwa ni mimi.

Pamela amekunywa uji. Uji moto.

Jumatano, 16 Aprili

Siku tano zimepita. Nimewapigia wote tena. Hakuna aliyeugua. Sasa wengine hawapokei simu zangu.

Nililia jikoni peke yangu. Si kwa moshi.

Owuor amekuja jioni na vijana na spana. Wamefungua pampu. Kilichokuwa kimekufa ni mpira mdogo ndani, si pampu. Muda wote huo tulikuwa tukingoja mtu atumwe kutoka mjini. Owuor amesema kamati ya maji itakutana kila mwezi, na mwenyekiti ni yeye. Hakuna aliyempinga. Mercy ameleta chombo cha klorini, amekifunga palepale bombani: unajaza mtungi, unazungusha mara moja, unaenda.

Jumapili, 27 Aprili

Pamela amerudi kwake wiki iliyopita. Amekonda. Leso inamzunguka mara mbili. Leo ametuita, sisi wachache tu, mimi na Baba Awino na Owuor na watoto. Nilimrudishia mwiko wake. Hakuuliza ulikuwa wapi.

Amepika ugali mwenyewe. Laini, si kama wangu. Samaki wa magamba, kwa heshima ya marehemu. Na pembeni, bakuli dogo la kachumbari. Nyanya zimeoshwa kwa maji ya dawa, alisema, na ameziosha yeye, na ninaweza kuacha kuzikodolea macho.

Beseni liko nje chini ya dirisha. Maua yamekwisha. Amepanda vitunguu ndani, vimeanza kuchungulia.

Kabla ya kula akasimama na jagi na sabuni. Mimi ni mdogo kwake kwa ndoa, ilikuwa zamu yangu kummwagia yeye. Nikanyoosha mkono nichukue jagi. Akalivuta. Basi nikanyoosha mikono yote miwili, nikasugua, hata katikati ya vidole, naye akamwaga polepole mpaka povu lote likaisha.

Halafu akapakua sahani ya kwanza, akaitenga pembeni kwa dakika moja, kwa ajili ya mama mkwe. Kisha akaniletea mimi.