Sisimizi wa Kwangu na wa Malaba

Jumamosi

Na bado wakampigia makofi yule mama wa Malaba! Mimi ndiye niliyemwonyesha Nabwire sisimizi wanavyobeba mayai yao, hapa nyuma ya jiko langu. Leo kwenye maonyesho ya sayansi shuleni, mjukuu wangu anasimama na kusema, "Namshukuru bibi yangu wa Malaba, mama wa mama, kwa kuninunulia sanduku la kioo." Sanduku! Nani alimfundisha kutazama?

Akatia humo sisimizi wa kwangu na wa Malaba pamoja. Wakararuana. Akaeleza kwamba wanajuana kwa harufu, na mwenye harufu ya shimo lingine hapokelewi.

"Wa kwako wakali, mkwe wangu," yule mama akaninong'oneza akicheka. Sikucheka. Nilifurahi tu kuona wa kwangu wameshinda.

Likizo hii mtoto anataka kwenda kwa yule mama. Naogopa akizoea huko hatarudi.

Tulipofika nyumbani akanikumbatia, kichwa kizima kinanukia mafuta ya yule mama. Nikamwambia, "Nenda kaoge kwanza. Na kwa sabuni yangu."

"Kukhu, bibi yangu, kumbe hata wewe ni sisimizi!"

Mgongo nilimsugua mwenyewe.