Mashine Isiyojua Kungoja

Kisumu

Baba mpendwa,

Natumaini kifua kimepoa na baridi ya Nyeri imekuhurumia. Huku joto halina huruma, lakini jana niliona ajabu.

Daktari mmoja ameleta kutoka ng'ambo mashine inayocheza sataranji. Ilitushinda wanafunzi sote, naye daktari akatangaza kwamba mchezo wa binadamu umekwisha. Ndipo akaketi Mwalimu Atieno, anayetufundisha mchezo huu. Hakushambulia. Aliziba katikati ya ubao kwa askari wake, akawa anapeleka farasi mbele na kumrudisha nyuma.

"Mwalimu, unaogopa?" daktari akauliza.

"Sina haraka, Daktari. Hii inajua kuhesabu, haijui kungoja."

Kweli, mashine ilipokosa la kushambulia ilianza kusogeza askari waliomlinda mfalme wake. Mwalimu akaufungua ukuta wake wa askari, kisha akamwingiza malkia wake. Mfalme wa mashine hakuwa na pa kukimbilia! Daktari alisimama, akampa Mwalimu mkono kwa heshima.

Pona upesi, Baba. Wewe ulinifundisha kushambulia. Nikirudi nitakufundisha kungoja.

Binti yako,
Wanjiru